Kuitika Usiyemwona

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko wote, maana nilitoka Bertrams, mtaa wetu hapa Johannesburg, kwa miguu nikiogopa teksi isinicheleweshe. Ilikuwa mwaka 2015. Mlinzi alinifungulia mlango wa nyuma wa ukumbi wa opera, akaniambia ninyooshe tu, nitalikuta jukwaa mbele. Nikapita kwenye korido yenye harufu ya rangi na nguo za zamani, nikatokea mahali pakubwa, peusi, pasipo na mtu. Katikati ya jukwaa palikuwa na mlingoti mfupi wa chuma, na juu yake ilikuwa ikiwaka taa moja peke yake. Viti vyote vitupu vilikuwa vimeielekea.

Meneja wa Jukwaa alipofika, mzee mmoja wa Soweto mwenye funguo tele kiunoni, nilimuuliza ile taa inammulikia nani.

"Anayebaki sisi tukienda nyumbani," alijibu. "Haizimwi mpaka mtu aingie, mama. Ndiyo sheria ya kazi yetu."

Ninyi mnaosoma haya mtasema alinitania kwa kuwa nilikuwa mgeni. Huenda. Lakini miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia akitania tena.

Nilikuwa nimeshavuka arobaini, umri ambao waimbaji wengi huanza kuangalia mlango wa kutokea. Siku hiyo hiyo vijana wa kwaya wakaniita Mama Vero, na jina halikunitoka tena. Kabla ya hapo nilikuwa msusi. Nilisuka nywele barazani mwa nyumba yetu Bertrams, na Jumapili nikaimba katika parokia ya Wakongo wenzangu, upande wa Kensington. Uimbaji wenyewe nilifundishwa na masista kule Lubumbashi, ambao walituwekea kitabu kizito tumboni tukiwa tumelala chali, wakituamuru tukinyanyue kwa pumzi. Nilidhani ni adhabu. Kumbe ndiyo shule yote ya kuimba.

Niwaeleze sauti yangu, kwa sababu watu wakisikia "soprano" wanafikiria kinanda cha mtoto. Soprano ni sauti ya juu ya mwanamke, sawa, lakini ziko za aina nyingi. Yangu ilikuwa soprano ya kidrama: nzito, pana, inayochelewa kukomaa, na kazi yake ni kupita juu ya okestra nzima hadi kwa mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, bila maiki. Mimi ni mfupi. Nikiwa kwenye foleni ya spaza, kiduka cha mtaani, mnaweza msinione. Nikifungua mdomo, mambo yanabadilika.

Mume wangu Kasongo aliligundua hilo kabla ya mtu yeyote. Tulikutana kwenye kwaya moja Lubumbashi, yeye akiimba besi vibaya sana, na ndiye aliyenipa jina la Kengele. Alisema nikiimba tu, mtaa mzima unajua misa imeanza. Jina hilo hakulitumia mbele za watu. Hata binti yetu Gloria, aliyezaliwa hapa Johannesburg, hakulijua. Lilikuwa la chumbani na jikoni, la watu wawili.

Nilianzia kwaya ya opera, tukisimama nyuma kama wanakijiji, wafungwa au wageni wa harusi, kutegemea hadithi. Mkuu wetu alikuwa Kondakta, yaani mwongozaji wa okestra na waimbaji, mwanamume mwembamba asiyependa maneno mengi. Wiki ya kwanza alisimamisha mazoezi, akanielekeza kidole.

"Wewe wa nyuma, nani alikuficha huko?"

"Wewe mwenyewe, bwana," nilimjibu. Wenzangu waliziba midomo. Yeye alicheka, na tangu hapo tukaelewana.

Mwaka uliofuata ndio uliotuvunja nyumbani. Kasongo alikuwa fundi wa kuchomelea, na kazi zilikuwa zimekauka. Wanaume aliowafahamu walikuwa wakishuka kwenye migodi ya dhahabu iliyofungwa zamani, upande wa mashariki wa jiji. Hapa wanawaita zama zama. Nilimkatalia, tukagombana, akaenda. Aliondoka asubuhi na mkate na tochi, akaniambia kwa sauti ya chini mlangoni, "Kengele, usinuniwe." Alikuwa akikosea Kiswahili makusudi ili nicheke. Nilicheka. Hakurudi. Watu walisema njia ya chini kwa chini imeporomoka, na hakuna aliyekubali kwenda kuchimbua.

Wazee wa ukoo wake niliwapigia simu Lubumbashi tufanye matanga. Walikataa. Walisema hawamlilii mtu ambaye huenda yuko mahali anakula ugali. Hivyo sikuwa mke na sikuwa mjane. Gloria akiulizwa shuleni alisema baba yake amesafiri, na mimi sikumrekebisha.

Niliendelea na kazi, kwa sababu ukifundishwa kuimba kwa pumzi ya tumbo unaweza kuimba hata moyo ukiwa umekwama. Nikapandishwa kuwa mwimbaji wa akiba. Huyo ndiye anayejifunza nafasi yote ya mwimbaji mkuu, neno kwa neno, kisha anakaa nyuma ya pazia kila onyesho akimwombea mwenzake afya njema, angalau kwa mdomo. Mwaka 2017 mwenzangu alipoteza sauti kwa mafua, nikasukumwa jukwaani na viatu vyake vilivyonipwaya. Baada ya hapo sikurudi tena kwenye akiba.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mwaka 2019 Kondakta alituletea opera mpya, ambayo haikuwahi kuimbwa popote. Ilihusu mwanamke aitwaye Teresa, ambaye mumewe amefukiwa mgodini. Katika sehemu ya mwisho Teresa anasimama kwenye mdomo wa shimo, na mumewe anamwita kutoka chini mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili ananyamaza. Mara ya tatu anaitika, "Niko hapa," kwa noti ndefu ya juu kuliko zote katika kazi ile, na taa zinazimika. Kondakta alinipa nafasi ya Teresa bila kujua chochote cha Kasongo. Mambo ya nyumbani sikuyapeleka kazini.

Niliipenda nafasi ile, na niliiogopa. Sababu ni hii. Kwetu bibi yangu alinifundisha kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, unyamaze. Simama, geuka, tafuta uso. Anayeitika kabla ya kuona uso amekubali kuchukuliwa, na aliyemwita anaweza kuwa yeyote. Paroko wetu alituhubiria kwamba huo ni ushirikina. Siku moja nilimwita nikiwa nyuma ya ukuta wa kanisa, makusudi. Hakuitika mpaka alipochungulia.

Gloria, ambaye Kiswahili alikielewa lakini hakukizungumza, alinicheka. "Ma, it's just opera," alisema, na mimi nikamwambia yeye asuke nywele zake, mambo ya opera aniachie.

Mbinu niliyoitumia mtaitambua wale mnaojifunza kuimba. Katika mazoezi mwimbaji anaruhusiwa kuimba nusu, yaani kuitaja noti kwa sauti ndogo, au kuishusha chini, ili asichoshe koo kabla ya onyesho. Hakuna anayemlaumu. Kwa hiyo lile jibu la Teresa nililiimba nusu kila siku. Yale mengine yote nilimwaga sauti, nikifika pale nikanong'ona.

Ndipo ilipoanza. Siku moja tulikuwa mazoezini asubuhi, ukumbi mtupu, jua likiingia kwa mlango wa pembeni. Mwimbaji wa teno, yaani sauti ya juu ya kiume, aliniita kutoka nyuma ya jukwaa kama inavyotakiwa. Nikanong'ona jibu langu. Mpiga piano akainua mikono, Kondakta akafunga kitabu, na chini ya mbao, pale ninaposimama, kitu kikagonga mara moja. Taratibu, kama mtu anayeuliza kama kuna mtu ndani. Chini ya jukwaa kulikuwa na chumba cha kuhifadhia mashine. Meneja wa Jukwaa alishuka na tochi, akapanda, akatikisa kichwa. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

"Mama Vero," Kondakta alisema, "unaimba kila kitu isipokuwa jibu. Lini nitalisikia?"

"Siku ya onyesho. Ninalitunza."

"Unalitunza au unaliogopa?"

"Vyote viwili," nilimwambia, naye akadhani ni utani.

Ukweli nilimwambia Meneja wa Jukwaa peke yake, juu ya Kasongo na juu ya maneno ya bibi. Hakucheka. Alikaa akizungusha funguo zake.

"Gogo wangu alitukataza hivyo hivyo," alisema. Gogo ndiye bibi kwa watu wa hapa. "Eish. Basi tufanye hivi. Utamwona anayekuita."

Yule mwimbaji wa teno alipaswa kujificha nyuma kabisa. Meneja akamsogeza upande wa kushoto, nyuma ya mwamba wa turubai, akachana tundu kwenye turubai ambalo watazamaji hawakuweza kuliona. Kwa kuwa pale hakumwona Kondakta, aliwekewa taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, anaita. Nami kutoka nilipokuwa niliuona uso wake wote, kijana mnene mpole, akikodoa macho kwenye taa yake. Nikimwona anafungua mdomo, najua aliyeniita ni huyo na si mwingine, naitika kwa moyo mweupe.

Tukafanya maonyesho hivyo, na watu wakasimama kupiga makofi. Chini ya mbao pakawa kimya. Nilianza kujiona mjinga.

Halafu ikaja Jumamosi moja, onyesho la mchana. Wazee wengi huja mchana, na watoto wa shule. Gloria alikuwa kwenye chumba changu cha kuvalia akifanya hesabu zake. Kipindi kile mgao wa umeme ulikuwa umerudi, na tulijua utatukuta katikati, lakini ukumbi ulikuwa na jenereta. Nilikuwa nimeshaingia sehemu ya mwisho. Mwimbaji wa teno akaita mara ya kwanza, "Teresa!" Nikamwona, nikanyamaza. Akaita mara ya pili. Nikamwona, nikanyamaza.

Umeme ukakatika.

Okestra ilishikilia noti yake gizani, kama wanavyofundishwa, wapiga zeze wakivuta taratibu bila kuona kitabu. Watu hawakupiga kelele, wamezoea. Kisha jenereta ikanguruma nje, taa kubwa zikarudi moja baada ya nyingine. Nikamtazama yule kijana kupitia tundu. Alikuwa amefunga mdomo, macho yakiwa kwenye taa yake ndogo, na taa ile haikuwa imerudi. Alikuwa akiisubiri. Niliona vizuri kabisa kwamba midomo yake imefungwa.

Na nikaitwa.

Sauti ilitoka chini ya miguu yangu. Haikuimba. Ilisema tu, kwa upole, vile mtu anavyosema akiwa mlangoni na viatu vya matope, hataki kuchafua nyumba.

"Kengele."

Mbele yangu Kondakta alikuwa ameinua fimbo, uso wake ukinisihi, maana kwa hesabu yake ilikuwa zamu ya yule kijana wa teno, naye hakusikika. Nyuma yangu, mwisho wa korido, kulikuwa na mtoto mwenye mzazi mmoja. Nikifuata mafundisho ya bibi, nanyamaza, narudi nyumbani na binti yangu, na kazi inaharibika mbele ya watu wote, potelea mbali. Lakini nilimfikiria mwanamume yule kule chini, bila matanga, bila kaburi, akiita tangu siku ile, na kila asubuhi ya mazoezi mke wake anamjibu kwa kunong'ona. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojiogopea. Uso sikuuona. Nilimjua.

Nikaitika. Nilisema "Niko hapa" kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa kwenye kitabu wala haikuzungumzwa na yeyote pale kazini, na kwa sauti yangu yote, ile ambayo sikuwahi kuifikisha mwisho hata siku moja maishani. Niliisikia ikitoka, ikapanda hadi kwenye dari. Halafu, na hili nalisema kama lilivyokuwa, niliisikia ikishuka. Ilinipita, ikaingia kwenye mbao, ikawa inaenda mbali chini, kama ndoo ikishushwa kisimani. Kondakta akaiangusha okestra nzima juu yake. Taa zikazimika mahali pake.

Nyuma ya pazia yule kijana wa teno alinishika mikono, jasho likimtoka. "Mama Vero, umenitangulia! Taa yangu haikuwaka. Mimi mara ya tatu sikukuita kabisa."

"Najua, mwanangu."

Kondakta akaja mbio. "Umeingia kabla ya wakati, na umeimba lugha gani sijui," alisema, kisha akashindwa kuendelea kufoka. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Sijawahi kusikia sauti ya namna ile. Ilikuwa wapi siku zote?"

Watu walipotawanyika, Meneja wa Jukwaa alikuja kuweka taa yake ya chuma katikati. Hakunitazama.

"Nilikuwa kwenye ngazi za chini, naelekea kuangalia nyaya," alisema. "Nilimsikia. Lile neno ni la kwenu? Kengele maana yake nini?"

Nilimwambia maana yake. Akaitikia kwa kichwa, akaiwasha taa.

Asubuhi ya Jumapili nilifungua mdomo kanisani, na huko juu hapakuwa na kitu. Msinielewe vibaya. Nilizungumza sawa, nikaimba noti za chini sawa. Lakini nikipanda, pumzi ilikwenda vizuri, koo likafunguka vizuri, na sauti haikuja. Ilikuwa kama kupanda ngazi ukakuta ghorofa imeondolewa. Daktari wa koo alinichungulia kwa mrija wenye kamera, akanionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye skrini. Safi, nyeupe, kama za msichana. Aliniuliza kama nimepata mshtuko. Nilimwambia la, nimepata mgeni.

Kondakta alinisubiri kwa muda. Mwishowe aliniita ofisini, akanivutia kiti yeye mwenyewe.

"Itarudi," alisema.

"Hairudi, bwana. Iliitwa."

"Nani kaiita?"

"Mwenyewe."

Alinisindikiza hadi mlango wa nyuma, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine ninayemkumbuka, na hivyo ndivyo nilivyostaafu. Nililia njiani hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, za kona yetu. Nilikuwa na hasira pia, sitawadanganya. Bibi alisema anayeitika anachukuliwa, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakuniambia kwamba wanaweza kuchukua kilicho bora na kuacha kilichobaki kiende sokoni kununua nyanya.

Nilikaa hivyo na hasira zangu mpaka alipokuja Bahati. Ni kijana wa Bukavu, muumini mwenzetu, mlinzi kwenye eneo lililozungushiwa uzio upande wa mashariki, kwenye vilima vya mchanga wa migodi ya zamani. Aliningoja baada ya misa, kofia mkononi.

"Mama Vero, usinikasirikie. Kule kwenye nafanyaka kazi, kuko mwanamke anaimbaka mu shimo. Muchana kabisa. Mimi nilisikiaka wewe kanisani miaka yote, mama. Ile sauti njo yako."

Nikamwomba anipeleke. Tulifika saa za mchana, jua kali, upepo ukipeperusha vumbi la njano. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa zege, na kwenye zege kulikuwa na ufa. Bahati alibaki mbali. Nikapiga magoti, nikatega sikio.

Kwanza nilisikia upepo. Kisha, mbali sana chini, mwanamume akasema neno moja. Nilijikuta nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, maana neno lilikuwa jina langu na mazoea ni mazoea. Lakini halikuwa likinijia mimi. Kabla sijavuta hata pumzi, lilipata jibu. "Niko hapa," sauti yangu ilisema huko chini, kamili, pana, noti ile ile. Na yule mwanamume akacheka, kicheko kibovu cha besi ninachokijua.

Hasira ilinitoka, nikabaki na wivu kidogo, kisha nao ukanitoka. Nikajifuta magoti, nikamwambia Bahati twende.

Jioni ile niliwapigia wazee Lubumbashi, nikawaambia wamlilie mtoto wao, nimemsikia kwa masikio yangu na hali ugali mahali popote. Safari hii hawakubisha. Gloria nilimweleza yote, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu baba yake aondoke, hapo jikoni. Tangu siku hiyo haniiti tena akiwa kwenye chumba kingine. Anakuja hadi mlangoni, nimwone uso kwanza, ndipo aseme "Ma."

Siku hizi nafundisha kwaya ya watoto wa parokia. Nawalaza chali na vitabu tumboni, wananilalamikia kama nilivyowalalamikia masista. Noti za juu nawaonyesha kwa mkono tu, napandisha kiganja, nao wanakifuata. Juzi kuna kasichana kalinitazama sana kiganja changu kikiwa hewani.

"Gogo," kaliniuliza, "mbona wewe huimbi? Umestaafu?"

"Mimi nimestaafu," nilikaambia. "Sauti yangu bado iko kazini."